Chuo na Karakana: Gregory Maloba, Wachongaji wa Pumwani na Suala la Maonyesho

Sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo huitwa Kenyatta Avenue, jijini Nairobi, inaonyesha askari wawili na mpagazi mmoja. Ni ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, na mchongaji wake, James Alexander Stevenson, alikuwa Mwingereza. Maandishi yaliyo chini yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mchongaji limehifadhiwa katika vitabu. Mpagazi hana jina. Lakini mpagazi huyo aliacha alama nyingine katika mji ule ule, ng'ambo ya mashariki, nayo ni jina la mtaa wa Kariokor, lililotoholewa na midomo ya watu kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Katika vita hivyo ndimo Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Ukambani, alimofika Tanganyika, akaona kazi ya wachongaji wa Kizaramo, akajifunza. Aliporejea kwao aliwafundisha jamaa zake, na jamaa wakawafundisha majirani, hata uchongaji wa vinyago vya kuuza ukawa kazi ya maelfu ya Wakamba. Kwa hiyo vita vilivyompatia Stevenson sanamu moja ya shaba vilimpatia Mutisya ufundi ambao haujakoma kuzaa mpaka leo.

Tangu hapo uchongaji wa Nairobi umekuwa na shina mbili, chuo na karakana, na historia yake iliyoandikwa imeelekea mno upande wa chuo. Makala haya yanachunguza namna shina hizi zilivyotazamana, au zilivyokataa kutazamana, kwa kuufuata mkondo wa kazi ya Gregory Maloba, mchongaji aliyekuwa mwalimu takriban maisha yake yote, na kuulinganisha na hali ya wachongaji wa Pumwani na Gikomba. Suala lenyewe ni maonyesho: ni nani huonyesha, huonyesha wapi, na jina la nani hubaki baada ya kazi kuonekana.

Maloba alizaliwa Mumias, magharibi mwa Kenya, mwaka 1922. Aliingia Makerere wakati Margaret Trowell alipokuwa akiijenga shule ya sanaa ambayo baadaye ilichukua jina lake. Trowell aliamini kwamba Mwafrika apewe zana na nafasi, asifundishwe kuiga michoro ya Ulaya. Na kabla ya vita vya pili alikuwa amekwisha kupeleka kazi za wanafunzi wake London, zikaonyeshwa katika Imperial Institute mwaka 1939. Maonyesho hayo yafaa kutazamwa kwa macho mawili. Kwa upande mmoja yalithibitisha kwamba mwanafunzi wa Kampala aweza kutundika kazi yake katika jumba la mji mkuu wa dola. Kwa upande mwingine, jumba lenyewe lilikuwa la kuonyesha mazao ya makoloni, na mgeni aliyepita hapo alikuwa ameandaliwa kuziona picha na sanamu kama zao jingine la nchi za mbali.

Katika shule hiyo Maloba alitokeza mapema kuwa mchongaji. Kinyago chake cha mti kiitwacho Kifo, cha mwanzoni mwa miaka ya 1940, bado hutajwa kila inapoelezwa historia ya uchongaji wa kisasa wa Afrika Mashariki. Kilichowavutia wahakiki ni kwamba kijana huyu hakuchonga mnyama wala mwindaji wala mwanamke mwenye mtungi. Alichukua dhana isiyo na umbo akaipa umbo. Baadaye alikwenda Uingereza kuendelea na masomo, Corsham ikiwa mojawapo ya mahali aliposoma, kisha akarudi Makerere kufundisha. Hapo ndipo ulipoanza mvutano unaomkabili kila mchongaji aliye mwalimu. Saa za mchana ni za wanafunzi; udongo na plasta hutumika kwa mazoezi yao; na ustadi wa mwalimu hupimwa kwa mikono ya watu wengine. Mchoraji aweza kuiba jioni mbili akamaliza picha. Mchongaji hawezi, kwa kuwa gogo la mti au zege halikubali kazi ya vipande vya saa.

Labda ndiyo sababu kazi kuu ya Maloba haikutokea katika chumba cha maonyesho. Ni Mnara wa Uhuru wa Kampala, uliozinduliwa mwaka 1962 Uganda ilipopata uhuru: mwanamke aliyefungwa kwa vitambaa vinavyomzunguka mwilini, amemwinua mtoto juu, na mtoto amenyosha mikono hewani. Ni sanamu ya zege, kimo chake kama mita 6, nayo husimama kando ya barabara ambapo mtu hana haja ya kununua tiketi wala kuvaa viatu vizuri. Mhakiki wa fasihi atatambua upesi kwamba ni sitiari iliyojengeka vema. Mama bado amefungwa. Aliye huru ni mtoto peke yake. Katika mwaka wa shangwe mchongaji hakudai kwamba vifungo vyote vimekatika. Na yafaa ikumbukwe kwamba taifa la Uganda liliipokea alama yake kubwa ya uhuru kutoka mkononi mwa mtu aliyezaliwa Kenya, jambo ambalo siku hizo halikumshangaza mtu sana, maana Makerere ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima.

Katika miaka ya 1960 Maloba alihamia Nairobi, akafundisha katika idara ya usanifu ya chuo kikuu. Kutoka madarasa hayo hadi Gikomba si mwendo wa saa moja kwa miguu: mtu huvuka katikati ya mji, huvuka Mto Nairobi, na kabla ya kufika Pumwani husikia tezo zikigonga. Pumwani ulikuwa mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na miongoni mwa wakazi na wafanyakazi wa pande hizo walikuja kuwemo wachongaji wa Kikamba waliofuata soko la wageni. Waliungana katika ushirika. Karakana ilikuwa, na bado ni, vibanda ambamo gogo la muhugu au mpingo huingia upande mmoja na twiga hutokea upande mwingine. Huyu hukata kwa tezo, yule humalizia kwa patasi na kisu, mwingine hupiga msasa na kung'arisha kwa nta au rangi ya viatu. Kazi iliyomalizika hupangwa rafuni pamoja na nyingine mia zinazofanana nayo. Kitu hicho nacho ni maonyesho, na hakuna siku ya kufunguliwa wala ya kufungwa. Tofauti ni kwamba hapana karatasi ukutani yenye jina na mwaka wa kuzaliwa. Penye alama chini ya kinyago, aghalabu huwa ni ya kumsaidia karani wa ushirika kujua nani alipwe.

Watu wa chuo na wa majumba ya sanaa waliitazama karakana hiyo kwa dharau, na dharau yao ilikuwa na hoja. Paa ya Paa, iliyofunguliwa mjini Nairobi mwaka 1965, ilikuwa miongoni mwa majumba ya mwanzo ya maonyesho kuanzishwa kwa jitihada za Waafrika. Elimo Njau, mmoja wa waasisi wake na mwanafunzi wa zamani wa Makerere, alihubiri pale kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Ni kauli nzito, na ilihitajika katika mji ambamo mtalii alikuwa amekwisha kuamua sanaa ya Kiafrika iwe na sura gani. Hata hivyo ina udhaifu wake. Fanani asimuliaye ngano ya Sungura na Fisi kwa mara ya mia haitwi mwizi wa ngano. Husemwa ameirithi, na ustadi wake hutafutwa katika namna alivyoigeuza, alipotua, alipoongeza. Mbona basi mchongaji anayerudia swala yule yule ahukumiwe kwa kipimo cha riwaya, kana kwamba kila swala lazima awe wa kwanza duniani?

Swali hili lina uzito zaidi kwa sababu ya mahali na wakati. Mwezi Oktoba 1968, katika chuo kikuu kile kile, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Waraka huo uligeuza mkondo. Wanafunzi wakaanza kutumwa vijijini kurekodi wazee. Bibi asiyejua kusoma akawa chemchemi ya taaluma. Uchongaji haukupata waraka wenye nguvu kama huo. Msimulizi aliingia darasani kwa heshima, ilhali mchongaji wa Gikomba, aliyekuwa karibu zaidi kuliko bibi wa kijijini, alibaki nje kwa sababu kazi yake ilikuwa na bei. Chuo kilisamehe mapokeo yaliyokaa mbali na soko. Mapokeo yaliyojua kuuza hayakusamehewa. Hapa lawama haimwangukii Maloba peke yake wala si haki kumtwisha. Mitaala ilikuwa imefuata vyuo vya Uingereza, na mwalimu mmoja hakuweza kuipindua.

Aliyevuka mpaka huo ni Samuel Wanjau. Hakupitia chuo chochote cha sanaa. Wakati wa vita vya Mau Mau alikuwa fundi wa kuwatengenezea wapiganaji bunduki, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuchonga miti mikubwa yenye sura za watu zilizojaa uchungu na nguvu. Paa ya Paa ilimpa nafasi, na jina lake likajulikana. Mfano wake waonyesha kwamba mlango ulikuwepo. Lakini mtu alipaswa kuiacha karakana ndipo apite.

Kwa muda mrefu mitaa ya mashariki ilibaki bila jumba la maonyesho. Ilikuwa na kumbi za mikutano, ule wa Kaloleni ukiwa mashuhuri kuliko zote kwa siasa, na Tom Mboya, mbunge wa Kamukunji, aliijua vema hadhira ya pande hizo. Sanamu yake mwenyewe, iliyozinduliwa mwaka 2011, iliwekwa katikati ya mji, Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa mwaka 1969. Ya Dedan Kimathi, ya mwaka 2007, nayo iko katikati ya mji. Majumba ya sanaa yalifuata njia ile ile: Gallery Watatu ilikuwa mjini, na Paa ya Paa yenyewe ilihamia Ridgeways. Mchongaji wa Eastlands aliyetaka kuonekana alipanda matatu.

Na pengine matatu ndiyo iliyokuwa jumba la kwanza la maonyesho la Eastlands. Yale ya namba 58, yaendayo Buruburu, yalisifika kwa michoro yao, na Dennis Muraguri, mchongaji na mchapaji aliyesoma katika chuo cha sanaa cha Buruburu, aliyachukua hayo magari akayaingiza katika kazi zilizoonyeshwa ukutani. Chuo hicho, kilichoanza katika miaka ya 1990, kilibadili jiografia ya jambo hili: mwalimu wa sanaa sasa alikuwa ndani ya mtaa, na wanafunzi waliweza kurudi nyumbani kwa miguu. Baadaye vijana wa Brush Tu wakageuza nyumba ya kawaida ya Buruburu kuwa studio. Kule Mukuru, kundi la Wajukuu, lililoanzishwa mwaka 2004, liliunganisha mambo mawili ambayo Maloba alilazimika kuyagawa, kufundisha na kuonyesha. Watoto wa Lunga Lunga hujifunza hapo hapo ambapo wakubwa wanafanya kazi zao.

Maloba alifariki mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye Uganda ilitoa noti mpya, na Mnara wa Uhuru ukachapwa juu yake. Kwa njia hiyo sanamu ya mwalimu ilipata maonyesho ambayo hakuna jumba lingeweza kuyapa: ilishikwa sokoni, ikakunjwa mifukoni, ikahesabiwa na makondakta. Jina la mchongaji halimo katika noti. Maloba wa Makerere na mchongaji wa twiga wa Gikomba walikutana hapo hatimaye, katika fedha, wote wawili bila majina. Kundi la Wajukuu, kwa upande wao, walialikwa Kassel, Ujerumani, mwaka 2022 katika maonyesho ya documenta, na jina la kundi likaandikwa. Mlango wa jumba mojawapo kuu wakaufunika kwa mabati kama ya Mukuru, ukawa ushoroba wa giza, na wageni wa Ulaya wakapita humo kwanza ndipo wakaingia ndani.