Makao ya wazee yakitaka kupanuka: nani anaamua matumizi ya ardhi?

Makao ya wazee yanapojaa, jibu la haraka ni kujenga mabweni mengine. Lakini kabla ya tofali la kwanza kuna swali la ardhi: eneo la jirani limepangwa kwa matumizi gani, na nani ana mamlaka ya kuyabadili? Swali hili ni zito zaidi katika maeneo kama Tinde, mkoani Shinyanga, ambako mji unakua na kuingia kwenye mashamba na malisho ya vijiji. Makala haya yanaeleza utaratibu wa Tanzania Bara, hatua kwa hatua.

Makao ya wazee ni yapi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sera hiyo inaweka jukumu la kwanza la kumtunza mzee kwa familia na jamii. Makao ni kimbilio la mwisho kwa asiye na ndugu wala uwezo.

Mkoani Shinyanga, makao yanayofahamika zaidi ni ya Kolandoto, ndani ya Manispaa ya Shinyanga, upande wa barabara ya Mwanza. Ni miongoni mwa makao yanayoendeshwa na serikali, kama yalivyo ya Bukumbi wilayani Misungwi, Ipuli mjini Tabora, Sukamahela wilayani Manyoni na Nunge Kigamboni. Mengine huendeshwa na madhehebu ya dini na mashirika.

Baadhi ya makao haya yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na yaliwekwa makusudi mbali na watu. Leo miji imeyafikia. Kigamboni, ambako Nunge ipo, ni sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Eneo ambalo zamani halikutakiwa na mtu sasa linatafutwa kwa viwanja.

Kanda ya Ziwa ina sababu nyingine ya kulipa jambo hili uzito. Kwa miaka mingi, vikongwe wa Shinyanga, Geita na Mwanza, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ambayo mara nyingi hutokana na moshi wa jikoni. Kwa mzee aliyefukuzwa kwake namna hiyo, nafasi kwenye makao ni suala la uhai.

Swali la kwanza: ardhi ni ya aina gani?

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zimegawa ardhi yote katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Mipaka hii ndiyo inayoamua makao yabishe hodi mlango gani.

Tinde inaonyesha kwa nini jibu si jepesi. Ni mji mdogo wa njia panda katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, mahali barabara za Shinyanga, Nzega na Isaka hadi Kahama zinapokutana. Malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita hapo, na bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika. Katikati kuna maduka na viwanja vilivyopimwa. Ukitoka kidogo tu, uko kwenye mashamba ya kijiji. Makao yaliyojengwa pembezoni mwa mji wa namna hii yanaweza kuwa na mguu mmoja kwenye eneo lililopangwa kimji na mwingine kwenye ardhi ya kijiji.

Ikiwa ni eneo lililopangwa kimji

Hapa inatawala Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Kila kiwanja kwenye mchoro wa mipango miji kina matumizi yake: makazi, biashara, huduma za jamii, eneo la wazi na kadhalika. Hatimiliki nayo hutaja matumizi hayo kama sharti.

Makao ya wazee si nyumba ya kawaida ya kuishi. Yana mabweni, jiko kubwa, chumba cha matibabu, bustani na pengine eneo la makaburi. Kwa hiyo kununua viwanja viwili vya makazi kwa jirani hakutoshi. Mwenye hati anatakiwa kuomba kubadili matumizi, na kuunganisha viwanja ikibidi. Maombi hupitia kwa afisa mipango miji, tangazo hutolewa ili majirani waweze kupinga au kuunga mkono, kisha kamati ya halmashauri hujadili. Kibali kikipatikana, hati hurekebishwa. Kibali cha ujenzi huombwa baada ya hapo.

Anayejenga kwanza na kuomba baadaye anavunja sharti la hati yake. Sheria ya Ardhi inaruhusu hatua dhidi ya ukiukaji huo, kuanzia onyo na faini hadi kufutiwa milki. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara ya fedha. Makao yakibomolewa bweni, wazee wake hawana pa kwenda.

Ikiwa ni ardhi ya kijiji

Hapa mwenye neno ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa niaba yao, kama mdhamini. Mwenyekiti wa kijiji au mtendaji hana mamlaka ya kugawa ardhi peke yake, hata kwa nia njema, hata kwa barua yenye muhuri.

Kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, eneo linalotakiwa litakuwa limeshatengwa kwa kilimo, malisho, makazi au huduma. Kulibadili ni kuurekebisha mpango wenyewe, na marekebisho hayo hurudi kwenye mkutano mkuu.

Kwa taasisi isiyo ya kijiji, kama idara ya serikali au shirika lililosajiliwa, zipo njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji, ambayo hupeleka mapendekezo yake kwa Kamishna wa Ardhi. Ya pili ni kuhamisha eneo kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, kwa mamlaka ya Rais. Katika njia hii ya pili, eneo lisilozidi hekta 250 huidhinishwa au kukataliwa na mkutano mkuu. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya kijiji. Uhamisho haukamiliki kabla ya kukubaliana aina, kiasi na muda wa kulipa fidia.

Eneo "tupu" si tupu

Mgogoro mwingi huanzia hapa. Mgeni akipita Usukumani wakati wa masika anaona nyasi na vichaka visivyolimwa, anadhani hapana mwenyewe. Mara nyingi hiyo ni ngitili: malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Ngitili inaweza kuwa ya familia au ya kijiji kizima, na kwa desturi anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati huadhibiwa na dagashida, baraza la jamii.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulitumia desturi hiyo hiyo kurudisha miti na majani katika mkoa uliokuwa ukigeuka jangwa. Kuchukua ngitili kwa ajili ya mabweni kunaweza kuwa uamuzi sahihi. Lakini wenye mifugo wanatakiwa kujua mapema ng'ombe watalishwa wapi mwezi wa tisa.

Anayehamishwa analipwa nini?

Fidia si bei ya shamba peke yake. Inahusu thamani ya ardhi, mazao, miti na majengo, pamoja na posho ya usumbufu, usafiri, malazi, na faida iliyopotea pale inapohusika. Uthamini husimamiwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Inafaa kila anayeguswa awepo siku ya kuhesabu, asaini alichokiona na abaki na nakala.

Asiyeridhika anaweza kuanza na usuluhishi katika Baraza la Kata, kisha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wazee wenyewe wanaulizwa?

Hapa kuna pengo. Utaratibu umejengwa kumsikiliza mwenye hati, jirani na mwanakijiji. Mzee anayeishi kwenye makao hana hati, na mara nyingi hakuzaliwa kijiji hicho. Hata hivyo yeye ndiye anayejua kama njia ya kwenda zahanati itakatwa au kama bustani anayolima mchicha ndiyo itakayojengwa. Hakuna sheria inayomzuia kuhudhuria mkutano na kusema. Msimamizi wa makao anaweza kuwapeleka, au kuomba afisa mipango afike makaoni.

Mambo ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa uongozi wa makao: je, eneo tulilonalo sasa limepimwa na lina hati? Kuomba nyongeza wakati eneo la awali halina mipaka ni kukaribisha uvamizi pande zote.

Kwa kijiji: je, muhtasari wa mkutano mkuu unaonyesha ukubwa wa eneo, mipaka, matumizi na idadi ya waliohudhuria? Je, umeandikwa kwamba ardhi ni kwa makao ya wazee, ili isije kugeuzwa viwanja vya kuuza?

Kwa jirani: je, tangazo la kubadili matumizi nimeliona, na siku ya mwisho ya pingamizi ni lini? Pingamizi huandikwa, hupokelewa kwa saini na tarehe kwenye ofisi ya halmashauri, na nakala hubaki kwako.