Saikomota: Neno Linaloshika Akili na Mwendo Pamoja

Mtoto mwenye uzito pungufu akifikishwa kliniki Kilwa Kivinje, kilo zake huandikwa kwenye kadi na mama huulizwa anamlisha nini. Liko swali jingine lenye uzito uleule: anafanya nini? Amekaza shingo? Anakaa bila kuegemezwa? Anaokota punje ya ufuta kwa vidole viwili, anageuka akiitwa jina? Hayo yote yamo ndani ya istilahi moja ya wataalamu: ukuaji wa kisaikomota.

Saiko lina asili ya Kigiriki, nafsi au akili. Mota ni la Kilatini, chenye kusogeza. Ukifasiri "ukuaji wa viungo" tu, nusu ya maana imepotea, kwani mtoto anayenyoosha mkono kuchukua kijiko ametumia jicho, nia na misuli kwa wakati mmoja. Kwa mazungumzo ya kliniki, "ukuaji wa akili na mwendo" unafaa zaidi.

Ngazi zenyewe Kiswahili cha pwani kinazo: kukaa, kutambaa, kusimama dede, kwenda tete. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya ngazi hizo, vilivyochukuliwa pia kwa watoto wa Oman: kukaa bila msaada kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake kati ya 8.2 na 17.6. Anayeanza kutembea kwa miezi 15 hajachelewa, hata kama wa jirani alianza kwa 10.

Uzito unaingiaje hapa? Mwili wenye njaa hubana nguvu zake. Mtoto hucheza kidogo, havisogelei vitu, na ubongo hukosa mazoezi. Mara nyingi damu nayo imepungua, na malaria na safura huzidisha upungufu huo. Bila madini ya chuma, ubongo haujengi vizuri utando unaoharakisha ujumbe kwenye neva.

Ushahidi mzuri wa pwani yetu umetoka Pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliopewa madini ya chuma waliendelea zaidi katika lugha, na wale waliopungukiwa sana damu wakaendelea katika mwendo pia. Mwingine, wa mwaka 2005, ulikuta kuwa upungufu wa chuma na umbo dogo huambatana na kuchelewa kutembea, ila si kutambaa.

Chakula peke yake hakitoshi. Huko Jamaica, utafiti wa mwaka 1991 ulikuta kuwa watoto waliodumaa waliopata lishe pamoja na michezo waliwapita waliopata kimoja tu.

Mkoa wa Lindi, ilipo Kilwa Kivinje, una ufuta, korosho, karanga na dagaa, na inauma kuona mtoto wa hapo akilelewa kwa uji wa muhogo mtupu. Uji huo uongezewe ufuta uliosagwa au dagaa waliotwangwa, na anayelisha azungumze na mtoto, ampe kifuniko cha sufuria agonge. Asiyetembea akifika miezi 18, au aliyeacha kufanya alichokwisha kukiweza, apelekwe hospitali, hata kama mizani inaonyesha kilo zimepanda.