Asubuhi ya wageni wa Mugere

Ukishika barabara ya Rumonge kutoka hapa Ruziba, si mbali utafika Mugere. Juu kidogo ya barabara kuna jiwe kubwa linaloangalia Tanganyika. Limeandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25-XI-1871.

Kila nikipeleka vijana pale, kuna mmoja atasema hapa ndipo wazungu wale walikutana. Hapana. Walikutana Ujiji, mwezi ule ule wa Novemba. Huku kwetu walifika kama wageni, kwa mtumbwi wa kuazima wa Said bin Majid, Mwarabu wa Ujiji. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani ama unatoka. Wakakuta unaingia. Katika safari hiyo mkubwa wa hapa, Mukamba, aliwapokea kwake, wakalala siku mbili.

Hiyo habari ya mto iko katika vitabu vyote. Mimi napenda zaidi habari za asubuhi. Stanley ameandika kwamba Livingstone meno yake yalikuwa yamelegea kwa sababu ya kula mahindi miaka ile ya taabu. Kule Ujiji, mtu aliyemtengenezea mikate laini ya mahindi ili aweze kutafuna ni mpishi wake, mama mmoja anayeitwa Halimah.

Na kwa Mukamba, pombe ilitoka nyingi. Susi, mfanyakazi wa Livingstone, akalewa. Alfajiri Stanley akaamshwa na sauti ya makofi. Kumbe Susi alikuwa ameingia usiku katika kitanda cha bwana wake na kujifunika blanketi lote! Livingstone alikuwa anampiga mgongoni kwa mkono, polepole, ili aamke. Watu wanacheka sana hapo. Lakini ni huyo huyo Susi ambaye mwaka 1873, Livingstone alipokufa, alisafiri pamoja na Chuma na wenzao kubeba maiti yake mpaka pwani, Bagamoyo.

Sasa rudi kwenye jiwe. Halimah hayuko. Susi hayuko. Mukamba, mwenye nyumba, naye hayuko. Wageni tu ndio wameandikwa.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka kwetu. Mwaka 2004 mama yangu alivuka Rusizi, mimi nikiwa mgongoni. Asubuhi ya kwanza aliamka mapema, saa kumi na moja, kama desturi yake ya kwenda kuchota maji. Kumbe hana bidoni, hana nyumba, na hajui maji yako wapi. Mama mmoja Mrundi akamuita kwa mkono. Akampa igikoma cha moto katika kikombe, bila sukari, na maharage ya jana. Mama alikuwa amezoea chai na mandazi. Anasema uji ule ulimshinda kooni, lakini yule mama alisimama tu akingoja, akaonyesha mtoto: kunywa, maziwa yarudi. Akanywa mpaka mwisho.

Nilimuuliza anaitwa nani. Mama akanyamaza. “Sikumuuliza,” akasema. Toka siku ile tumeandikwa jina katika makaratasi mengi sana, na tarehe, na idadi ya watoto. Yule mama hayuko katika karatasi hata moja.

Basi siku hizi, kabla ya kushuka Mugere, naomba kila kijana aseme nani alimpa chakula asubuhi yake ya kwanza ugenini. Wengine wana jina. Wengine wana kitu kidogo tu: kitenge cha kijani, sahani iliyovunjika pembeni. Tunaandika katika daftari. Ndugu zetu mnaofanya kazi katika mashirika, siku mkituuliza tumetoka wapi na tuko wangapi, ongezeni na swali hilo moja. Na sisi wenyewe tuwaulize wazazi wetu haraka, maana wanazeeka. Mimi nimechelewa: ninacho kikombe, jina sina.