Cong: Kijiji cha maziwa mawili na mfereji mkavu

Kijiji cha Cong kimo magharibi mwa Ireland, mpakani mwa kaunti za Mayo na Galway. Kimejengwa katika ukanda mwembamba wa ardhi unaotenganisha maziwa mawili makubwa: Mask lililoko kaskazini na Corrib lililoko kusini. Jina lenyewe latokana na neno la Kiairishi lenye maana ya mahali pembamba.

Ardhi ya huko ni mwamba wa chokaa uliojaa nyufa na mapango. Maji ya ziwa Mask hayateremki juu ya ardhi, bali hudidimia na kupita chini kwa chini hadi yanapobubujika katika chemchemi za Cong. Hapo huwa mto mfupi unaoingia ziwa Corrib.

Kwa mujibu wa mapokeo, mtawa Feichin alianzisha makao ya kidini hapo katika karne ya 7. Magofu yanayoonekana leo ni ya abasia iliyojengwa baadaye na watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino. Ndimo alimofia Ruaidrí Ua Conchobair, mfalme mkuu wa mwisho wa Ireland, mwaka wa 1198, baada ya kuacha mamlaka. Msalaba wa Cong, uliotengenezwa mwaka wa 1123 kwa amri ya babake, umehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Dublin.

Kuanzia mwaka wa 1845, ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa kote Ireland na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Mwaka wa 1848, wakati wa janga hilo, uchimbaji wa mfereji wa kuunganisha maziwa hayo mawili ulianza. Ulinuiwa kupitisha mashua na, papo hapo, kuwapa wenye njaa kibarua. Mpango wa mashua uliachwa mwaka wa 1854. Mwamba ule ule unaomeza maji ya ziwa uliyanywa ya mfereji pia. Kuta za mawe zingalipo, lakini wakati wa kiangazi mfereji huwa mkavu.

Dhiki ya ardhi haikuishia hapo. Kilomita chache kutoka Cong, kando ya ziwa Mask, aliishi Kapteni Charles Boycott, wakala wa mwenye ardhi, Lord Erne. Mwaka wa 1880 wapangaji walidai wapunguziwe kodi, naye akajaribu kuwafukuza baadhi yao. Majirani hawakumdhuru, walimtenga tu. Hakuna aliyekubali kumvunia wala kumuuzia kitu. Vibarua 50 waliletwa kutoka kaunti nyingine kuvuna mazao yake, wakilindwa na mamia ya askari, kwa gharama iliyozidi sana thamani ya mazao yenyewe. Boycott alihama kabla ya mwaka kwisha. Tangu hapo jina lake likawa neno la Kiingereza la kitendo ambacho Waswahili hukiita kususia.

Cong ya leo hutegemea sana watalii. Ngome ya Ashford, iliyokuwa mali ya jamaa ya Guinness, iligeuzwa hoteli mwaka wa 1939. Mwaka wa 1951, John Ford alipiga hapo filamu ya The Quiet Man, akiwa na John Wayne na Maureen O'Hara. Wageni wengi huja kwa ajili ya filamu hiyo. Wachache hufika hadi mferejini, kwenye kuta zilizojengwa na watu waliotafuta mlo wa siku.