Tabaka la Marekebisho: Funzo la Kihistoria kutoka Laha za Mitindo za DocBook

DocBook ilianzishwa mwaka 1991 na HaL Computer Systems pamoja na O'Reilly, ikiwa msamiati wa SGML wa kuandikia vitabu vya kiufundi. XML ilipoidhinishwa mwaka 1998, na XSLT mwaka 1999, ziliandikwa laha mpya za mitindo. Mchapishaji hakulazimika kuhariri laha asilia: aliandika laha yake ndogo, akaiingiza ile asilia kwa amri ya xsl:import, na kanuni zake mwenyewe zikapata kipaumbele. Aliyehariri laha asilia alihatarisha marekebisho yake kila toleo jipya lilipowekwa.

DocBook 5.0, iliyoidhinishwa na OASIS mwaka 2009, iliweka vipengele vyake katika nafasi ya majina. Kwa mujibu wa XSLT 1.0, kanuni inayolenga para bila kiambishi hailingani na para iliyomo katika nafasi hiyo, nayo hupitwa bila onyo. Hivyo, marekebisho yasipofanya kazi, nafasi ya majina ikaguliwe kwanza, kisha mpangilio wa uingizaji.

Kwa taasisi zinazotunza nyaraka za umma, funzo ni bayana: tabaka la marekebisho lihifadhiwe kando ya laha asilia, tena pamoja na nyaraka zenyewe.