Ghala la Taifa na Wakazi Wake: Faida na Hasara za Kuishi Nyanda za Juu Kusini

Mijadala kuhusu maisha katika mikoa ya kilimo iliyo mbali na pwani huanza, mara nyingi, kwa kuhesabu mvua na rutuba, na kwa kipimo hicho Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hasa mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma, zina washindani wachache nchini. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na baridi ya miinuko hupunguza mbu kiasi kwamba malaria, inayosumbua sana maeneo ya joto, ni ugonjwa wa nadra katika sehemu kubwa ya Njombe. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa maisha ya mkazi wa eneo kama hili huamuliwa zaidi na swali la nani anayelipa gharama ya umbali kuliko na idadi ya magunia yanayovunwa.

Faida moja, ambayo wachambuzi wa mijini huipuuza, ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, mwanakijiji anaweza kupata ardhi kupitia halmashauri ya kijiji na kumilikishwa kwa hati ya hakimiliki ya kimila, yaani haki inayotokana na taratibu za jamii na kutambuliwa na sheria za nchi. Kaya yenye ekari chache ina mahali pa kujenga bila kulipa kodi ya pango, ina kuni, ina mboga, na haihitaji fedha taslimu kila asubuhi ili ipate mlo. Hata hivyo, faida hii inapungua, kwa sababu wenye mitaji kutoka mijini wamekuwa wakinunua mashamba ya Njombe na Mufindi ili wapande misindano na parachichi, mazao yanayomtaka mwenyewe asubiri miaka kadhaa kabla ya kuvuna. Na mkulima anayedaiwa ada ya shule mwezi huu hana miaka ya kusubiri.

Hasara kubwa iko sokoni. Bei ya shambani, yaani fedha anayoipokea mkulima akiwa kijijini kwake, ni bei ya mjini baada ya kuondolewa nauli ya lori, ushuru, magunia, na faida ya dalali na mchuuzi. Kutoka Sumbawanga, mkoani Rukwa, hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa kuwa bei ya mjini hupangwa na ushindani wa mazao kutoka pande zote za nchi, nauli hiyo humwangukia zaidi mzalishaji. Mbolea nayo huagizwa kwa wingi kutoka nje na kupandishwa milimani kutoka bandarini, hivyo mkulima huyohuyo hulipia barabara moja mara mbili: mbolea inapopanda na mahindi yanaposhuka. Juu ya hayo kuna lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba na kujazwa kupita kipimo halali lakini likalipwa kama gunia moja, desturi ambayo Sheria ya Vipimo inaikataza na ambayo bado inaonekana katika mashamba ya viazi.

Msimu mmoja wa mvua, uliotajwa hapo juu kama neema, huongeza tatizo, kwani karibu kila mtu huvuna wakati mmoja, bei huporomoka, na wenye madeni au hofu ya dumuzi, mdudu anayetoboa punje ghalani, huuza mapema kisha wakanunua mahindi kwa bei ya juu kabla ya mavuno yanayofuata. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua sehemu tu ya ziada hiyo. Njia nyepesi ya kuupunguza umbali ingekuwa kuuza jirani, kwa kuwa kupitia mji wa mpakani wa Tunduma soko la Zambia liko karibu zaidi na Songwe na Rukwa kuliko Dar es Salaam; lakini njia hiyo imefungwa zaidi ya mara moja kwa amri za kuzuia kuuza mahindi nje, ikiwemo ya mwaka 2017. Amri hizo hutetewa kwa hoja ya usalama wa chakula wa taifa, hoja nzito bila shaka, ila ni vigumu kuona kwa nini bima ya taifa zima ilipiwe na mkulima wa Mbozi, mkoani Songwe, peke yake.

Ushahidi mzito kuliko wote kwamba idadi ya magunia haitoshi kuwa kipimo, hata hivyo, uko katika miili ya watoto. Udumavu ni hali ya mtoto kuwa na kimo kilicho chini sana ya kile kinachotarajiwa kwa umri wake kutokana na lishe duni na maradhi ya muda mrefu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano. Kwa Iringa ilikuwa takriban asilimia 57, na kwa Njombe na Rukwa karibu nusu. Maelezo ya kwamba wazazi hawana elimu ya lishe hayatoshi, ingawa yanarudiwa katika semina nyingi. Ugali na uji wa mahindi vinashibisha bila kujenga mwili vya kutosha; maharage, mayai na maziwa, ambavyo vingejenga, ndivyo vinavyogeuzwa fedha kwa haraka; na mama, ambaye hubeba sehemu kubwa ya palizi, hushinda shambani katika miezi ileile ambayo mtoto mchanga anahitaji kulishwa mara kwa mara. Shamba linalotoa chakula ndilo linalompokonya mtoto muda wa mlishaji wake.

Kwa hiyo sera inayopima mafanikio ya mikoa hii kwa tani za mahindi inapima huduma ambayo mikoa hiyo inaitolea nchi, na hali ya wakazi wake inabaki nje ya hesabu. Barabara za vijijini, maghala ya vijiji, mipaka iliyo wazi kwa utaratibu unaotabirika na malezi ya mchana ya watoto wakati wa palizi vingestahili kuwekwa mbele ya kampeni nyingine ya kuongeza uzalishaji. Kwa sasa, mtoto wa Dar es Salaam, jiji linalonunua karibu kila punje ya mahindi yake, yuko katika hatari ndogo ya kudumaa kuliko mtoto wa Iringa.