Nyigu wasio na mabawa (Mutillidae)

Mutillidae ni familia ya nyigu ambao majike yao hayana mabawa, hivyo hudhaniwa kuwa sisimizi wakubwa. Wanapatikana hasa katika nchi zenye joto na ukavu, pamoja na nyika ya udongo mwekundu inayozunguka Voi, kaunti ya Taita Taveta, Kenya.

Mwili wa jike umefunikwa na vinyweleo. Spishi nyingi za Afrika zina kifua chekundu na tumbo jeusi lenye mabaka meupe. Wanatofautishwa na sisimizi kwa vipapasio: vya sisimizi vimepinda kama kiwiko. Vya nyigu hawa havipindi hivyo. Tena, jike hutembea peke yake, si kwa msafara. Dume kwa kawaida ana mabawa na hana mwiba wa sumu.

Jike huingia katika viota vya nyuki na nyigu wengine, mara nyingi vilivyochimbwa ardhini, na kutaga yai juu ya buu au bundo. Lava wake humla mwenyeji huyo.

Jike akishikwa au kukanyagwa, hutoa sauti ya kukwaruza, kisha hudunga. Maumivu ni makali sana, lakini sumu yake ina nguvu ndogo kuliko ya nyuki wa asali. Aliyedungwa aoshe jeraha kwa sabuni na kulikanda kwa maji baridi. Akivimba uso au kushindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja.